Namba Nzuri ya Mama Mkwe

Mume wangu Donat alimwandikia mama yangu namba nzuri kuliko ya mtu yeyote katika mtaa wetu, na namba hiyo nusura imzike. Nasema mapema, asije mtu akanisikiliza hadi katikati akidhani natafuta mchawi. Mchawi hakuwepo. Walikuwepo watu wawili wenye heshima kupita kiasi, na mimi katikati yao, ambaye tangu utotoni naambiwa sina haya.

Ilikuwa mwaka 1956, Élisabethville. Kitongoji chetu cha Katuba bado kilikuwa kipya, nyumba nyingine hazijapigwa hata lipu, na asubuhi wanaume walikwenda mjini kwa baiskeli, msururu mrefu usiokwisha. Donat alikuwa infirmier, muuguzi mwenye diploma yake. Kwao ni kaskazini, upande wa Kabongo, Mluba aliyelelewa na mapadri mpaka hata akila muhindi anaufuata mstari kwa mstari. Mimi ni Germaine. Kwetu ni Sakania. Baba alifanya kazi kwenye reli hadi alipofariki, na mama yangu, Ngosa, akahamia mjini akakaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Nyumba ya nne ni karibu kwa kupelekeana chakula, na ni mbali kiasi kwamba mkwe hakutani na mama mkwe kila akitoka kuoga.

Maana kwetu mwanamume akishaoa, yeye na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawasemezani ana kwa ana, hawali pamoja, na kugusana ndiyo usiseme. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Siku moja kifungo hicho hufunguliwa kwa karamu, na mwenye kukifungua ni kaka wa mama. Sasa kaka wa mama yangu, mjomba Chomba, alikuwa Sakania na biashara yake ya samaki, na kila mwaka alituma neno kwamba atakuja mwaka ujao. Kwa Waluba nako heshima hiyo ipo, kwa hiyo Donat hakuona ajabu. Padri aliwacheka. Kwa miaka saba mimi ndiye niliyewabebea maneno: mama anasema hivi, Donat anajibu hivi, na mara nyingine wote wawili wako hapo hapo, mlango tu katikati. Lakini walipendana, hilo lazima niliseme. Mama alimwekea Donat paja la kila kuku aliyechinja. Donat naye alimzibia paa lake saa ambazo mama yuko kanisani, na mama akirudi alilitazama paa na kutabasamu bila kuuliza.

Mwaka huo akaja daktari Mbelgiji, Dokta Verlinde, mrefu, mwembamba, mwenye masikio yaliyoungua na jua. Hakuja hasa kutibu, alikuja kuchunguza mioyo ya watu wa mji wetu. Kwao alifundishwa kwamba mtu mweusi hapati ugonjwa wa presha. Alipofika hospitalini kwetu akakuta wanaume wa migodini na wanawake wa sokoni wanaanguka na kupooza upande mmoja, wengine wanavimba miguu na kukosa pumzi. Akaanza kuamini kwamba moyo na figo vinaumizana, kimoja kikiugua kinamvuta mwenzake. Ili kuthibitisha hilo alihitaji watu wengi, wazima kwa wagonjwa, mtaa mzima bila kuruka nyumba. Kila aliyekutana naye aliombwa mkono, na watu wakamwita Munganga Mukono, daktari wa mkono.

Mtaa wetu alikabidhiwa Donat. Alipewa sanduku la mbao lenye mashine ya presha, ile yenye bomba la zebaki na kitambaa cha kufunga mkono, na daftari kubwa lenye mistari iliyochapwa. Sheria zilikuwa chache. Kila mtu mzima apimwe. Mstari usibaki mtupu, kwa sababu nyumba moja ikirukwa mtaa wote umeharibika. Mtu ambaye namba yake ya juu imepita mia na themanini ataitwa, mkojo wake utachemshwa na kutazamwa, naye ataingizwa kwenye orodha ya kupewa vidonge. Vidonge hivyo vilikuwa vipya, vimetoka Ulaya kwenye makopo machache, na jina lisipokuwa kwenye orodha hakuna kidonge. Mwisho wa Novemba Dokta angerudi Ubelgiji na madaftari yake.

Lazima niseme pia juu ya Adalbert, mwenzake Donat, aliyepewa mtaa wa nyuma yetu. Huyo alichoka kuzunguka na sanduku. Akawa anakaa kwenye bia anajaza daftari kwa kukisia. Jioni moja Dokta alipitia kurasa zake akaona namba zote zinaishia na sifuri. Kesho yake asubuhi Adalbert alifukuzwa mbele ya wauguzi wote, na barua ikaandikwa ili hospitali yoyote isimpokee. Kabla ya mvua kuanza tulimwona anauza makala, makaa ya kupikia, sokoni, koti la uuguzi bado mwilini, limekuwa jeusi. Donat alinunua kwake gunia zima, akalileta nyumbani.

Mtaa wetu ulipimwa Juni, na mimi mwezi huo sikuwepo. Dada yangu Victorine alikuwa amejifungua Kipushi, nikaenda kumkanda na kumfulia wiki tatu. Mtoto wetu Kunda nilikwenda naye. Kwa hiyo Donat alipofika nyumba ya nne hakukuwa na wa kubeba maneno. Alisimama barazani na sanduku lake. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na anamsikia. Jioni ile ile Dokta alikuwa anakusanya madaftari, na mistari yote imejaa isipokuwa mmoja. Walikaa hivyo, mmoja nje na mwingine ndani, mpaka mama akakohoa. Donat akaandika, akafunga daftari, akaondoka.

Mama alipoanza kuugua hatukushtuka. Septemba kichwa kilimuuma kila asubuhi, akafunga kitambaa. Mwanzoni mwa Oktoba, joto limepanda na mvua haijafika, uso ulikuwa unamvimba akiamka, viatu vikakataa kuingia. Kisha akashindwa kulala chali. Alilala ameegemea mito mitatu, na hata hivyo alikuwa anavuta pumzi kwa shida, midomo imekauka. Alinipa sababu nyingi: jua, chakula, kukesha msibani. Mama yangu angeweza kueleza hata kifo chake mwenyewe kwa chakula cha jana.

Jirani yake Marie-Thérèse alikuwa mgonjwa zaidi yake mwezi wa Juni. Huyo aliitwa, akapewa vidonge, akakatazwa chumvi na samaki wa kukausha. Oktoba hiyo hiyo nilimwona kwenye ubatizo anacheza, kiuno chepesi, anatucheka sisi tuliokaa. Nikajiuliza swali ambalo hata mpumbavu angejiuliza. Nilirudi nyumbani, nikamkuta Donat ananoa wembe, nikamuuliza kwa nini mama yangu hajaitwa.

Akasema hakuna namba ya kumuita.

“Ulimupima?” nilimuuliza.

“Niliandika.”

“Sikuuliza kuandika.”

Aliweka wembe chini. Donat si mtu wa kudanganya, ndiyo maana akidanganya hata mtoto anamwona. Akanieleza yote, baraza, pazia, kikohozi. Nilimuuliza aliandika nini. Akasema mia na ishirini, juu ya sabini na tano.

“Hiyo njo namba ya bibi-arusi,” nilisema.

“Ningemuandikia nini, Germaine? Mama-mukwe, utamupatia namba mubaya? Nilimupatia yenye kupita zote muzuri.”

Sitasema nilichomjibu. Nilimjia juu mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza. Nilimuuliza kwa nini hakumwita Casimir, muuguzi wa mtaa wa tatu, aje ampime yeye. Akasema kumleta mwanamume mwingine amshike mama mkwe wake mkono, yeye amesimama hapo hapo, ingekuwa aibu mara mbili. Tena alimdhania mzima. Alikuwa anamsikia kila siku anaimba akitwanga. Nilimwambia kwamba mama yangu anakufa kwa adabu zake. Hapo akaficha uso kwa mikono akalia, mtu mzima wa miaka thelathini na nne, na mimi nikatoka nje, kwa sababu nilikuwa bado nataka kukasirika na machozi yake yalikuwa yananiharibia.

Kilichobaki kilionekana rahisi. Mama aende hospitali, apimwe na mtu mwingine, aingizwe kwenye orodha. Nikaenda nyumba ya nne. Nilimkuta ameketi kwenye mito yake anachambua maharagwe, kila punje mbili anapumzika. Nilimwambia avae, twende.

“Mukwe yangu alisha kunipima,” alisema.

“Mama, hakukupima.”

“Mi najua. Njo maana siendi.”

Akanieleza taratibu, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Akienda kwa mwingine, namba nyingine itatokea. Namba mbili zikikutana, watauliza ipi ni ya uongo, na wote tulikuwa tumemwona Adalbert na magunia yake. Alikuwa mjane, alisema, ameshaona wajukuu. Donat alikuwa na mtoto wa miaka mitano. Hesabu hiyo aliifanya peke yake nyuma ya pazia lake, na hakutaka nimsaidie.

Kwa hiyo nikawa na mume anayeogopa kusema na mama anayekataa kusema, wote wawili kwa ajili ya kulindana, na hawajawahi kutazamana machoni. Donat alikwenda mara tatu mpaka mlango wa ofisi ya Dokta, mara tatu akarudi. Nilimwona akirudi, baiskeli anaisukuma badala ya kuipanda. Kuiba vidonge hakukuwezekana, na bila kujua namba ya kweli ya mama vidonge hivyo vyenyewe vingeweza kumwangusha. Zilibaki siku kumi Dokta aondoke. Usiku mama alikuwa analala ameketi kabisa, miguu imeteremshwa chini, na mimi nilikaa naye nikihesabu pumzi zake.

Siku tisa zilipobaki nilivaa nguo yangu ya kanisani nikaenda kwa Dokta mimi mwenyewe. Kifaransa changu kilikuwa kile cha masista waliotufundisha kushona: kilitosha kuomba sindano na kuomba msamaha. Nilimwambia mama yangu anavimba miguu, hapumui vizuri, tafadhali aje amwone, ni Katuba, nyumba ya nne kutoka kwa infirmier Donat. Daftari sikulitaja. Nilikuwa nimepiga hesabu njiani: nikisema yote nitamharibu mume, nikinyamaza nitamzika mama. Nikasema nusu. Dokta aliuliza habari za miguu mara mbili, ya pili akiwa tayari anaandika. Miguu iliyovimba ndiyo aliyoifuata kutoka Ulaya.

Alikuja kesho yake asubuhi kwa motokari, Donat ameketi kando yake na sanduku magotini. Uso wa mume wangu ulikuwa wa jivu. Alinitazama mara moja, akajua ni mimi, na hakunilaumu. Wakaingia uani. Donat alisimama barazani, akageuzia mlango mgongo kama desturi inavyotaka. Dokta aliingia peke yake, nikamfuata.

Alipiga goti mbele ya mama, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Shimo lilibaki pale, halikurudi. Akasikiliza mgongo wake muda mrefu, akatazama macho yake chini ya kope. Kisha akafungua daftari kubwa, akatafuta mtaa wetu, nyumba, jina. Akasoma. Akamtazama mama, akasoma tena. Akamwita Donat ndani.

Donat aliingia, macho chini. Mama akageuza uso ukutani. Dokta aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama ni yeye mwenyewe aliyempima mwanamke huyu mwezi wa Juni. Donat aliweka sanduku chini. Dokta akauliza tena. Mama akanigusa, akaninong'oneza nimwambie Mzungu anauliza nini. Nikamwambia.

Basi mama yangu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alijisukuma kwa mikono miwili akakaa wima, akageuka kutoka ukutani, akamtazama mkwe wake usoni. Alimsemesha yeye, si mimi, na kwa wingi, kama unavyomsemesha mtu unayemheshimu.

“Baba Kunda,” alisema. “Mumuambie munganga vile: mimi njo nilikatala. Mulikuya na mashini, mimi nilifunga mulango. Nilisema muandike tu. Kosa iko yangu. Mumuambie vile vile.”

Donat aliinua macho. Sijui kama alikuwa anajua sura ya mama yangu kabla ya siku hiyo, labda kwa mbali. Walitazamana, na mama akatikisa kichwa kumhimiza. Dokta alikuwa anangoja tafsiri. Pale chumbani Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, Kifaransa cha mama hakikuwepo, na Kifaransa changu ni kile nilichokwisha kukitaja. Mwenye lugha zote mbili alikuwa Donat peke yake. Uongo alikuwa ameshapewa tayari, umeiva, na mwenye kumpa alikuwa mama mkwe. Alichotakiwa ni kuutia katika Kifaransa tu.

“Elle n'a rien refusé, docteur,” alisema Donat.

Hakukataa kitu, alisema. Hata kwa Kifaransa cha masista nilielewa, neno kwa neno, kwa sababu alisema polepole sana. Alisema mama huyu hakukataa kitu chochote. Alisema yeye hakumgusa, hakuingia ndani, na namba hiyo aliitunga mwenyewe kwenye baraza. Alisema namba nyingine zote za mtaa ni za kweli, lakini anajua kwamba baada ya hii Dokta hana sababu ya kumwamini.

Na mama, jamani, mama alikuwa anamfuata midomo, anaitikia kwa kichwa kila sentensi, akidhani ni maneno yake. Ndivyo, ndivyo. Alipomaliza, mama aliegemea mito yake ametulia, uso wa mtu aliyemwokoa mwanawe. Nilikuwa nimekaa kando yake nikiwa nimeshika mkono wake, na sikufungua mdomo. Mtu anayenijua atajua ilivyonigharimu.

Masikio ya Dokta yaliwaka zaidi. Aliuliza kwa nini. Donat akamweleza desturi, na Dokta akasikiliza mpaka mwisho, akatazama mlango, akatazama pazia. Kisha akachukua kalamu nyekundu akapiga mstari juu ya ile namba nzuri, na kumsukumia Donat sanduku la mashine. Akasema apimwe sasa, mbele yake. Sidhani alielewa anachoomba. Au labda alielewa. Miaka yote hii nimeshindwa kuamua.

Mama aliniomba kitambaa. Akajifunika kichwa na uso wote, kisha akanyoosha mkono nje ya kitambaa na kuuacha hewani. Donat alipiga magoti. Alimfunga kitambaa cha mashine, akafungua, akafunga upya. Alisukuma hewa, zebaki ikapanda, ikapanda zaidi, akaiachia ishuke akisikiliza. Akasema namba kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili ili mama aisikie: mia mbili thelathini na sita, juu ya mia na thelathini na mbili. Dokta alipima mwenyewe akapata hiyo hiyo.

Mkojo ulichemshwa hapo hapo uani, juu ya makala, kwenye kibomba cha kioo. Uligeuka mweupe kama ute wa yai kwenye maji ya moto. Dokta akatuonyesha. Alisema, na Donat akatafsiri bila kupunguza, kwamba figo zimeanza kuharibika, na moyo umechoka kusukuma dhidi ya presha hiyo, na figo zikilegea presha inapanda tena. Kilichoharibika Juni mpaka sasa hakitarudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa vidonge, na kwa kuacha chumvi. Akaandika jina la mama yangu mwisho wa orodha yake, kwa mkono, chini ya yale yaliyopigwa chapa.

Donat aliondolewa kwenye uchunguzi siku hiyo hiyo. Lakini barua haikuandikwa. Alirudishwa hospitalini kufunga vidonda, kazi aliyoanza nayo akiwa na miaka ishirini. Kwa nini hakufanywa kama Adalbert, Donat anasema ni kwa sababu alisema mwenyewe. Mimi nasema ni kwa sababu ya ile miguu, kwamba Dokta alipata alichokuwa anakitafuta akaridhika. Tumebishana juu ya hilo miaka mingi. Mtaa wote ulipimwa upya na Casimir kwa siku sita, watu zaidi ya mia tatu, na kwenye bomba la maji wanawake walinisema mpaka nikawa nakwenda kuchota mchana wa jua kali.

Mjomba Chomba alifika kwa treni baada ya wiki mbili, safari hii hakutuma neno. Alikuwa amesikia kwamba dada yake ameshikwa na mkwe kabla ya kufunguliwa. Alifoka kuanzia stesheni mpaka Katuba. Mama alimwacha amalize, halafu akamuuliza ni nani aliyechelewa miaka saba. Kuku walichinjwa, bukari ikasongwa, mboga za mama zikapikwa bila chumvi. Donat alikula kwa mama mkwe kwa mara ya kwanza, ameketi naye chumba kimoja, na wote wawili walikuwa na haya hata mimi nikawaonea huruma.

Mama aliishi miaka miwili na miezi mitatu zaidi. Uvimbe ulipungua, akarudi kulala chali, ingawa hakutwanga tena. Na hadithi aliyokuwa akiipenda kuliko zote ni ya siku ile. Kila mgeni alisimuliwa: jinsi Mzungu alivyosimama na daftari, jinsi mkwe alivyoshindwa kusema, na jinsi yeye Ngosa alivyokaa wima akamtolea maneno ya kujiokoa. Bila yeye, alisema, Donat angekuwa sokoni na makala. Na kufunga vidonda, kwake, kulikuwa kupandishwa cheo. Mara nyingi Donat alikuwepo akisikia. Wageni walimgeukia, naye alisema, “Ndiyo, mama aliniokoa.” Mara ya kwanza nilitaka kufa kwa hasira. Baadaye nikaona kwamba anaposema hivyo hatanii.

Kila Jumatatu alikuja na mashine ya hospitali akampima. Mama aliuliza namba, Donat akaisema jinsi ilivyo, ikiwa nzuri au mbaya, na kuiandika kwenye daftari dogo alilolichora mistari mwenyewe. Mia na tisini na nne. Mia na sabini na nane. Mia na themanini na sita.

Jumatatu ya mwisho ilikuwa Februari, mvua inapiga bati. Mama alikuwa amerudi kwenye mito mitatu na uso umeanza kujaa tena. Donat alimfunga kitambaa, akasikiliza, akaiachia zebaki ishuke mpaka chini, akaendelea kuishika mashine ingawa haikuwa na la kusema zaidi. Niliiona namba usoni pake kabla hajaitaja. Na mimi, niliyemchamba mpaka mtaa ukasikia, nilimwomba kimoyomoyo amwambie nyingine, ampe ile ya bibi-arusi, mara moja tu.

“Ngapi?” mama aliuliza.

“Mia mbili na makumi ine na mbili, mama. Iko mubaya.”

Mama alifunga macho. Alitafuta mkono wa Donat juu ya shuka, akaupata, akaushika.

“Muzuri,” alisema. “Mukwe yangu hajue kudanganya.”

Donat alikaa hivyo mpaka mama akasinzia. Kisha akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, maana ule wa kulia ulikuwa bado umeshikwa, akaandika namba kwenye mstari wake.